Tazameni Wanachofanya: Hotuba kwa Wakazi wa Jengo la Ghorofa

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano wa wakazi wa jengo letu, tukiwa juu ya paa. Wengi hawakuweza kufika na wameniomba niyaandike. Nayaweka hapa yote, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, na ninyi watoto mliokaa chini hapa mbele, nawasalimu nyote. Ahsanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja.

Naomba nianze na swali. Ni nani kati yetu amewahi kuona kifaranga cha njiwa? Nyoosheni mikono. Naona mikono michache sana. Haya, nani hajawahi kumwona njiwa? Hakuna hata mmoja. Njiwa tunao asubuhi, tunao mchana, tunao usiku wamejikunyata juu ya viyoyozi. Wanazaa karibu mwaka mzima. Sasa watoto wao wako wapi?

Wako kwenye viota, ndugu zangu, na hawatoki mpaka wakue. Njiwa hutaga mayai mawili, huyaatamia kwa muda wa siku 18 hivi, kisha kifaranga hukaa kiotani karibu mwezi mzima. Siku za kwanza halishwi nafaka wala mdudu. Hulishwa maziwa. Ndiyo, watoto, mmesikia sawasawa: njiwa wana kitu kinachoitwa maziwa, uji mzito wenye protini na mafuta unaotengenezwa kwenye gole, pale kwenye shingo chini. Na baba naye huyatengeneza, kama mama. Kifaranga anapotoka kiotani, kimo chake kinakaribia cha wazazi wake. Kwa hiyo mmewaona mara nyingi, mkadhani ni wakubwa. Kesho mwangalieni njiwa shingoni. Mkubwa anameta kijani na zambarau, na jicho lake ni jekundu au rangi ya chungwa. Mdogo shingo yake haina mng'ao, na jicho lake bado ni la kahawia.

Nimewaitia jambo hilo. Sikuja kuwafundisha majina ya ndege, majina yatakuja yenyewe. Nimekuja kuwaomba tuwatazame wanachofanya. Wanachofanya!

Wapo watakaosema, mwalimu, njiwa na shomoro wana nini cha kutazama? Ndege wa kutazamwa wako porini, wako mbugani. Mimi sikubaliani nao kabisa, na nitawaeleza kwa nini.

Njiwa wa mjini ni mzao wa njiwa wa mwambani. Mababu zake walitaga kwenye kuta za miamba, kwenye mapango na mianya ya majabali, kwenye vijukwaa vyembamba ambako mnyama hawezi kupanda. Sasa ukitazama jengo letu kwa jicho la njiwa, unaona nini? Kuta zilizosimama wima, kingo za madirisha, mashimo ya mabomba, nafasi nyuma ya viyoyozi. Yeye hajapotea njia akaja mjini. Tumemjengea mwamba.

Na juu ya mwamba huo kuna maisha kamili. Dume anapomtaka jike huvimbisha shingo, huinama, huzunguka, huburuza mkia chini huku akinguruma. Mambo hayo mmeyaona. Lakini mmewahi kumfuata dume huyo baada ya hapo? Jike akishakubali na kukaa pahala pa kiota, dume huanza kuleta vijiti. Kimoja kimoja! Haleti viwili. Anaruka, anachagua, anakitupa, anachukua kingine, anarudi nacho, mara nyingi anapanda mgongoni kwa jike na kumwekea mbele ya mdomo. Jike hukichukua na kukipenyeza chini yake bila kuinuka. Kijiti kimoja, safari moja, siku baada ya siku. Mayai yakishatagwa wanagawana zamu. Dume hukaa saa za mchana, tangu asubuhi imekwishapamba moto hadi alasiri, na jike hukaa jioni, usiku kucha na asubuhi. Mwenye kiota karibu na dirisha lake anaweza kuishuhudia zamu hiyo ikibadilishwa, na akishaijua saa yake atashangaa jinsi wanavyoishika.

Watazameni pia wakinywa maji. Ndege wengi huchota maji kwa mdomo, kisha huinua kichwa ili yateremke kooni. Shomoro hufanya hivyo, na kuku pia. Njiwa hafanyi hivyo. Huzamisha mdomo na kuvuta maji mfululizo mpaka atosheke. Wawekeni shomoro na njiwa kwenye sahani moja ya maji, mtaiona tofauti hiyo papo hapo.

Na akitembea je? Kichwa mbele, kichwa mbele, kichwa mbele. Kwa nini? Mwaka 1978 mtafiti wa Kanada, B. J. Frost, aliwatembeza njiwa juu ya mkanda unaozunguka, kama ule wa mazoezi. Miguu ilikwenda, lakini njiwa alibaki palepale, na vitu vinavyomzunguka havikupita machoni pake. Kichwa kikatulia! Hapo ikajulikana kuwa mwendo ule ni kazi ya macho. Kichwa hutangulia, kisha husimama imara huku mwili ukikifuata, na katika kule kusimama njiwa huuona ulimwengu umetulia. Swali la mtoto wa miaka mitano, jibu lake limepatikana maabara. Maswali kama hayo yamejaa kwenye roshani zetu.

Niwape habari za mama mmoja. Jina lake Margaret Morse Nice. Mwaka 1927 alihamia Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, pamoja na mumewe na mabinti zao. Hakuwa na ajira chuoni, hakuwa na maabara, alikuwa na nyumba ya kuangalia na watoto wa kulea. Karibu na nyumba yake kulikuwa na eneo la vichaka kando ya mto, na humo waliishi ndege wadogo wa kahawia, wa kawaida kabisa, ambao majirani waliwapita bila kugeuka. Akawavisha pete za rangi miguuni, kila mmoja na mpangilio wake wa rangi, ili amjue huyu ni nani na yule ni nani. Kisha akawatazama. Nani amemfukuza nani, nani ameimba wapi, nani ameoana na nani mwaka huu, na mwaka uliopita alikuwa na nani. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Matokeo yake yalitoka katika majuzuu mawili, la kwanza mwaka 1937 na la pili mwaka 1943, na yalibadilisha namna wataalamu wanavyosoma ndege walio hai. Ndege wa aina moja, karibu na nyumbani! Kina mama mliopo hapa, nimemtaja makusudi.

Basi tutatazamaje? Watu huniuliza kuhusu darubini, wengine kuhusu kamera. Ukiwa nayo ni vizuri, usipokuwa nayo usingoje. Chagua dirisha moja. Chagua saa moja. Kaa palepale, saa ileile, na uandike ulichokiona kabla ya kuandika ulichodhani. Nasisitiza hapo. Ukiandika "njiwa alikasirika" umeandika dhana yako. Ukiandika "njiwa alimpiga mwenzake kwa bawa, mwenzake akasogea pembeni ya ukingo" umeandika jambo ambalo mimi naweza kwenda kulithibitisha.

Mama mmoja wa ghorofa ya tatu, na amenipa ruhusa kuyasema haya, alikuwa na ndege anayegonga kioo cha chumbani kwake kila alfajiri. Aligonga mpaka watoto wakaamka. Wengine wakamwambia ndege huyo ana wazimu, wengine wakasema anataka kuingia ndani. Yeye hakubishana na mtu. Alivuta kiti, akakaa, akatazama. Akaona ndege anatua ukingoni, anavimbisha manyoya, anarukia kioo kwa mdomo na miguu, anarudi nyuma, anaimba, anarukia tena. Akaona kwamba dirisha likiwa wazi ndege hashughuliki nalo, na taa ya ndani ikiwashwa kabla ya mapambazuko hagongi. Akaniuliza: je, kioo kikiwa giza ndani na nje kuna mwanga, si kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia?

Ndugu zangu, huo ni utafiti! Mama huyu aliuliza swali ambalo linaweza kupimwa. Akabandika gazeti kwa nje ya kioo, kwa nje kwa sababu taswira hujitokeza upande wa nje, na kugonga kukaisha. Yule dume alikuwa akipigana na sura yake mwenyewe, akidhani kaingiliwa katika eneo lake na dume mwingine. Ushahidi zaidi ulikuja wenyewe. Siku hiyohiyo alishuka chini akaanza kupigana na kioo cha pembeni cha gari lililoegeshwa.

Mwaka 1963 mtaalamu wa tabia za wanyama, Niko Tinbergen, ambaye miaka 10 baadaye alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba tabia ya mnyama huulizwa maswali manne. Wanafunzi mliopo, chukueni kalamu. Ni kitu gani kimemfanya aifanye sasa hivi? Inamsaidia nini aishi na azae? Ameipataje tangu alipokuwa mdogo, amezaliwa nayo au amejifunza? Na ilitoka wapi katika ukoo wake wa kale? Chukueni mfano wa shomoro anayeoga vumbi kwenye vyungu vyenu vya maua. Analala kifudifudi, anachota vumbi kwa mabawa na kujimwagia, anajiviringisha, kisha anakung'uta na kuchambua unyoya mmoja mmoja kwa mdomo. Kwa nini leo na si jana? Je, ni baada ya mvua au wakati wa jua kali? Akianza mmoja, wengine hufuata? Kwa ndege kadhaa imeonekana kwamba vumbi hupunguza mafuta yaliyozidi kwenye manyoya. Na kinda aliyetoka kiotani jana, anaoga hata kama yuko peke yake? Mimi sitawajibia. Vyungu ni vyenu.

Dokezo moja dogo nisilisahau. Shomoro wakinyamaza ghafla wote kwa pamoja, inua macho juu. Mara nyingi kuna mwewe au kozi anapita. Kozi naye ni mtu wa ghorofa siku hizi, hutaga juu ya majengo marefu katika miji mingi duniani, na akimshukia njiwa kutoka juu huzidi kilomita 300 kwa saa. Kunguru wao hawanyamazi. Wao hukusanyana, hupiga kelele, humfuata adui mpaka aondoke. Ukisikia kelele hizo acha chai yako, toka nje utazame.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Ndege hawa wanatutazama nasi pia. Wanatusoma, wanajifunza, wanabadilika.

Kuna kasuku weupe wenye kishungi cha manjano katika jiji la Sydney, Australia. Mapipa ya taka ya huko yana vifuniko vizito vya kufunuliwa. Wakazi wakaanza kuona kasuku akitua ukingoni mwa pipa, anakamata kifuniko kwa mdomo, anakiinua, anakishika kwa mdomo na mguu, kisha anatembea pembeni pembeni juu ya ukingo mpaka kifuniko kinapinduka. Halafu karamu. Je, kila kasuku aligundua mwenyewe, au walifundishana? Mngejuaje ninyi? Watafiti Barbara Klump, Lucy Aplin na wenzao waliwauliza wakazi. Watu wa kawaida, wa majumbani, waliombwa kusema wameona au hawajaona. Na majibu yalionyesha kwamba kabla ya mwaka 2018 tabia hiyo ilijulikana katika vitongoji vitatu tu. Mwisho wa mwaka 2019 ilikuwa imefika vitongoji 44. Haikuruka huku na kule kwa kubahatisha, ilisambaa kutoka kitongoji hadi jirani yake, kama inavyosambaa habari inayopokewa kutoka kwa mtu hadi mtu. Na namna ya kufungua ilitofautiana kati ya eneo na eneo. Kila mtaa na mtindo wake! Utafiti huo ulitoka mwaka 2021, na haukuwezekana bila mtu aliyesimama dirishani akasema: nimeona.

Hata aliyesema "mimi sijaona" alisaidia. Nawaomba mlishike hilo. Bila wale ambao hawajaona, usingejua tabia imefika wapi na haijafika wapi.

Baadaye wakazi wakaanza kuweka matofali juu ya vifuniko. Kasuku wakajifunza kuyasukuma yaanguke. Watu wakatafuta njia nyingine, wakapachika vijiti na hata viatu kwenye bawaba ili kifuniko kisipinduke. Mchezo huo unaendelea, na nani atasema hapo mwanafunzi ni nani na mwalimu ni nani?

Mjini Seattle, Marekani, mwaka 2006, mtafiti John Marzluff na wenzake walivaa barakoa ya mtu wa mapangoni, wakawakamata kunguru wachache, wakawavisha pete, wakawaachia. Tangu hapo aliyepita kwenye chuo kikuu chao amevaa barakoa ile alikemewa. Alikemewa na kunguru waliokamatwa, alikemewa na kunguru ambao hawakuwahi kuguswa, na miaka ikapita bado akakemewa. Aliyevaa barakoa nyingine alipita kwa amani. Kwa hiyo msishangae kunguru wa hapa wakimpigia kelele mmoja wetu na kumwacha mwenzake. Wana sababu, na pengine tunaijua.

Sauti zao pia zimebadilika kwa ajili yetu. Kelele za magari zina mngurumo mzito, na mngurumo huo hufunika sauti nzito za ndege. Mwaka 2003 Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha kwamba katika mji wa Leiden, Uholanzi, ndege mmoja mdogo wa kifua cha manjano huimba kwa sauti nyembamba zaidi pale penye kelele nyingi. Kisha ukaja mwaka 2020, magari yakaondoka barabarani kwa sababu ya ugonjwa. Huko San Francisco, Elizabeth Derryberry na wenzake wakawarekodi ndege waliokuwa wakiwasoma kwa miaka mingi. Walikuwa wameshusha sauti! Hawakuwa tena na haja ya kupiga kelele, na nyimbo zao zikapata upana ambao jiji lilikuwa limewanyima. Mnakumbuka wenyewe siku zile mlivyosema "ndege wameongezeka"? Pengine walikuwa walewale, na sisi ndio tulionyamaza tukaanza kuwasikia.

Na viota? Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza kiota kilichopatikana Antwerp, Ubelgiji, cha ndege wa jamii ya kunguru. Kilikuwa kimejengwa kwa miiba ile ya chuma ambayo watu hubandika kwenye kingo za majengo kufukuza ndege. Karibu miiba 1,500! Ndege ameing'oa, ameisuka kuwa paa la kiota, ncha zikitazama nje, silaha yetu ikawa ngome yake. Nilipoyasoma hayo nilisimama.

Lakini si kila ujanja ni heri. Katika jiji la Mexico shomoro na ndege wengine wadogo huweka vipisi vya sigara viotani, na watafiti waliona kwamba viota vyenye vipisi vingi vina wadudu wachache wanaonyonya damu. Tumbaku inafukuza wadudu. Watu wakashangilia. Mwaka 2014 watafiti haohao wakaonyesha upande wa pili: sumu ile inadhuru seli za makinda. Wanaovuta sigara kwenye roshani, wapo hapa na nawaheshimu, naomba vipisi viende kwenye chombo chenye mfuniko.

Najua yapo malalamiko. Kinyesi kinachafua nguo zilizoanikwa, njiwa wananguruma tangu alfajiri, na mzee wetu wa ghorofa ya juu halali. Hayo ni ya kweli, na kupenda ndege hakunipi haki ya kuyapuuza. Kinyesi kikavu kisifagiliwe hivi hivi, kiloweshwe kwanza kwa maji, na anayesafisha avae barakoa, kwa sababu vumbi lake linaweza kuleta maradhi ya mapafu. Kuhusu kuwalisha, ushauri wangu ni tusiwalishe. Chakula kingi huleta njiwa wengi kuliko jengo linavyohimili, na pia hufuta kile tunachotaka kukitazama: ndege anayengoja makombo amesimama tu. Sahani ya maji safi, inayooshwa na kubadilishwa kila siku, inatosha na inaleta aina nyingi zaidi.

Sasa nizungumze kuhusu mwamba huu wetu unavyoua.

Kioo, ndugu zangu. Ndege hakioni kioo. Anaona mti uliojitokeza ndani yake, anaona anga, anaruka kuelekea huko kwa kasi yake yote. Daniel Klem amelisoma jambo hili tangu miaka ya 1970, na makadirio yaliyotolewa Marekani mwaka 2014 yanasema kwamba katika nchi hiyo pekee ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo. Wengi wao hufa kwenye nyumba na majengo mafupi, kwa sababu hayo ni mengi. Asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 2023, jijini Chicago, karibu ndege 1,000 waliokuwa safarini kuhama waliokotwa wamekufa kwenye jengo moja la mikutano lenye kuta za vioo kando ya ziwa. Jengo moja, usiku mmoja. Mwaka uliofuata vioo vile vilibandikwa utando wenye vitone vidogo vidogo, na vifo vikashuka sana. Vitone tu!

Hapa kwetu inawezekana? Inawezekana kabisa. Alama ziwekwe upande wa nje, na nafasi kati ya alama na alama isizidi sentimita 5. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati ya dirisha kubwa haisaidii, ndege huikwepa na kugonga pembeni yake. Kamba nyembamba zinazoning'inia mbele ya kioo zinafaa, rangi ya maji inafaa, na watoto wanaweza kuchora. Vioo vya ngazini upande wa miti ndivyo vya kuanza navyo, hapo ndipo mfagiaji wetu amekuwa akiwaokota. Na ukimkuta ndege amezimia, mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu. Usimpe maji, usimpe chakula, usimfunue kila dakika. Akianza kuhangaika ndani, lipeleke boksi nje ulifungue.

Taa nazo. Ndege wengi husafiri usiku, na mwanga mkali huwavuta na kuwachanganya. New York huwasha miale miwili mikubwa kila Septemba 11, na watafiti waliotoa ripoti mwaka 2017 walikadiria kwamba kwa usiku saba waliouchunguza, katika miaka saba tofauti, ndege wapatao milioni 1.1 waliathiriwa. Miale ilipozimwa kwa muda mfupi, waliokuwa wakizunguka humo walitawanyika ndani ya dakika chache. Zile taa za paa tunaziwashia nani saa nane ya usiku?

Na mwisho kabisa, mafundi. Mwaka 1993 mwewe mkubwa mwenye mkia mwekundu, ambaye watu walimwita Pale Male, alijenga kiota kwenye jengo la ghorofa la Fifth Avenue, New York. Watu walimtazama kutoka bustanini kwa miaka. Desemba 2004 uongozi wa jengo ukakiondoa kiota. Watu wakajaa barabarani, wapangaji wenyewe wakagawanyika, na kabla ya mwezi kwisha ukakubaliwa ujengwe utegemeo mpya wa chuma ili ndege warudi. Walirudi. Mimi sitaki tufike barabarani. Nataka tujue kabla fundi hajapanda.

Maana chini ya paa hili, upande wa nyuma, wanaishi mbayuwayu wale wenye mabawa marefu yaliyopinda, ambao wataalamu huwaita teleka. Hula angani, hunywa angani, na kwa aina moja ya Ulaya watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walithibitisha mwaka 2016 kwamba baadhi yao hupaa miezi 10 bila kutua. Kitu pekee wanachokihitaji kwetu ni tundu la kutagia, na mwaka hadi mwaka hurudi kwenye tundu lilelile. Fundi wa kuziba nyufa za paa anakuja mwezi ujao. Nimeongea na msimamizi wa jengo, na amekubali kwamba tundu lolote tutakaloonyesha lina ndege litaachwa mpaka makinda yatoke, na kwamba yanayotumiwa kila mwaka hayatazibwa kabisa.

Lakini lazima tuyaonyeshe. Kwa hiyo ninyi wa ghorofa tatu za juu, upande wa nyuma, naomba macho yenu kila jioni jua linapokaribia kuzama, wakati wanapozunguka kwa kelele kisha kuingia mmoja mmoja. Andika tundu lipi, saa ngapi, wameingia wangapi. Usipoona kitu, andika hujaona. Daftari liko kwa mlinzi, mlango wa chini, kalamu imefungwa kwa uzi. Lina safu ya tarehe, ya saa, ya mahali, na safu pana ya alichofanya ndege. Ya jina la ndege nimeiweka mwisho, na mnaweza kuiacha tupu.